Salopeti za Kampuni, Banderoli ya Kanisa

Nilienda Lilongwe kwa sababu ya kazi mbili za ushonaji ambazo hazikutaka kusalimiana. Ninyi wa Fizi na wa Uvira, kule Kongo, mnanipigia simu kila mara: "Mama Riziki, ulifanya nini ku Lilongwe mpaka bantu banakuongea?" Basi nimekaa chini niwaandikie yote toka mwanzo, mmoja awasomee wengine, niache kurudia habari ile ile mpaka sauti inakauka.

Kazi ya kwanza ililetwa na Bwana Kondwani, Mmalawi mwenye viatu vinavyong'aa, wakala wa kampuni moja inayotaka kutafuta mafuta na gesi chini ya ziwa lao, na pia ndani ya msitu wa serikali ulio kando ya ziwa hilo. Alitaka salopeti, yale mavazi ya kazi ya kipande kimoja ambayo hapa wanayaita overoli. Kitambaa alileta mwenyewe, rangi ya chungwa, inayoumiza macho. Kwa nini alikuja mpaka kambini kwetu Dzaleka wakati Lilongwe imejaa mafundi? Kwa sababu bei ya mkimbizi ni bei ya kuomba radhi. Akaniahidi kwamba serikali ikikubali uchimbaji, nguo zitakazofuata zitakuwa nyingi kuliko hizi, na zote zitakuwa zangu. Nilianza kuota mashini ya pili.

Kazi ya pili ililetwa na Pasta Byamungu, mchungaji wetu, mtu wa Bukavu aliyesoma sana na anayependa ujue hivyo. Makanisa yalikuwa yamemwalika kwenye mkutano wa hadhara Lilongwe, ambapo serikali ingesikiliza wananchi kuhusu uchimbaji huo. Yeye alikuwa upande wa kupinga. Alitaka banderoli, kitambaa kirefu cha kutundika ukutani chenye maandishi makubwa. Kitambaa alinunua sokoni Madisi, mahali palipokuwa na bei nafuu. Alipokifungua mbele yangu, niliweka mkasi chini. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, ndugu mmoja na kile cha kampuni.

"Pasta, hii rangi uliichagua juu ya nini?"

"Rangi ni rangi, Mama Riziki. Kitu kikubwa ni message."

Message yenyewe alitaka iwe ndefu, yenye mstari wa Biblia na maneno matatu ya Kifaransa. Nilimwambia kila herufi naikata kwa mkasi na kuishona kwa mkono. Akafupisha, akafupisha tena, mpaka yakabaki maneno ya Kichewa: *Nyanja ndi yathu.* Ziwa ni letu.

Asubuhi ya kuondoka, Baba Riziki alinisaidia kufunga mizigo. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo aliyatumia.

"Unapelekea nguo bale banataka kutoboa ziwa, na banderoli bale banakataa?"

"Njo vile."

"Na Mungu akikuuliza?"

"Nitamwambia mi ni fundi. Ye mwenyewe aliumba simba na mbuzi, hakuna mtu alimuita ku mkutano."

Kutoka kambini mpaka barabara kuu tulipanda kabaza, zile baiskeli za kubeba watu, mimi na mzigo wangu kwenye moja, pasta na Biblia yake kwenye nyingine. Mnaofikiri Malawi yote ni kijani, njooni mwone upande wetu. Vilima vimenyolewa kama kichwa cha askari mpya. Hakuna kivuli cha kumfaa hata kuku. Wenyeji wanasema ni sisi wakimbizi tuliomaliza miti, na sisi tunasema tulikuta wameanza. Ukweli ni kwamba miti ile tumeila wote. Imepita chini ya sufuria zao za nsima na zetu za bugali, ikatoka kwenye macho yetu kama machozi ya moshi. Pasta alinionyesha vilima kwa kidole akiwa juu ya baiskeli na kupiga kelele, "Angalia binadamu anachofanya ku uumbaji!" Nilimkumbusha kwamba mkewe ananunua makala, yale makaa ya kupikia, kwenye mlango wa jirani yangu kila wiki. Hakusikia, au upepo ulimsaidia.

Barabarani tulipata matola, yaani pikapu ya mtu anayeenda zake na kuchukua abiria njiani. Nyuma kulikuwa na kabeji, nyingi sana, na tukakaa juu yake. Baada ya muda pasta alianza kulalamika kwamba kabeji zinamchoma makalio. Tulipochungulia chini yake tulikuta magunia ya makala yaliyofichwa, kwa sababu kusafirisha makala bila ruhusa ni kosa. Kwa hiyo mchungaji aliyekuwa anakwenda kutetea mazingira alifika mjini akiwa ameketi juu ya msitu uliochomwa.

Kwenye kizuizi cha polisi, kabla ya kuingia mjini, tulisimamishwa. Vibali vyetu vya kutoka kambini vilikuwa sawa, lakini kibali sawa nacho kinaweza kula asubuhi nzima kikiangaliwa na mtu asiye na haraka. Polisi alikuja, akagusa mzigo wangu kwa fimbo.

"Fungua."

Nilifungua. Salopeti za juu zikachomoza, na jina la kampuni nilikuwa nimeshalishona kifuani. Uso wa polisi ukabadilika.

"Mnafanya kazi na watu wa mafuta?"

Nilimtazama pasta. Pasta, aliyeandaa hotuba nzima dhidi ya watu wa mafuta, aliinua kidevu, akanyoosha koti, na akasema kwa sauti ya mkurugenzi, "Tunapeleka vifaa."

"Zikomo, asante, bwana. Piteni." Hata kabeji hazikuguswa.

Tulipoenda mbele kidogo nilimwambia, "Pasta, umesema uongo."

"Nimesema tunapeleka vifaa. Salopeti si kifaa?"

Tulifika Area 36, mtaa wa Lilongwe, mchana, jua limeegemea mabati. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Solange, wa Bukavu kama pasta, zamani mwalimu, sasa muuzaji wa vitenge sokoni. Mitaa ya kule imebanana, duka limekaa mgongoni mwa duka, na mbele ya kila nyumba kuna jiko la makala linalofuka. Nyumba ya Mama Solange peke yake haikuwa na moshi mbele. Aliniita ndani kama mtu anayetaka kuonyesha mtoto mchanga, akaondoa kitambaa cha kufuma, na chini yake kulikuwa na mtungi mdogo wa gesi.

"Angalia," akasema, akageuza, akawasha.

Ndugu zangu, nilikaa naangalia ule moto wa buluu kama watu wanavyoangalia televisheni. Hakuna kupuliza, hakuna kukohoa, hakuna masizi. Chai ilichemka kabla sijamaliza kumuuliza habari za watoto.

"Unapikiaka hapa kila siku?"

Mama Solange akacheka. "Kila siku? We uko mutu wa wapi? Hii ni ya wageni. Mi napikaka ku makala, kule nyuma." Na kweli, maharage ya jioni yalikuwa nyuma ya nyumba, juu ya makala, yanafuka kama ya kila mtu.

Pasta alikunywa chai, akamsifu Mungu kwa chai, kisha akaanza kueleza ubaya wa gesi. Mama Solange alimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, akamwambia, "Pasteur, kikombe cha pili nikupikie ku makala?" Pasta akasema cha gesi tu, kimeshazoeleka.

Siku iliyofuata asubuhi tulikwenda kwenye hoteli yenye mkutano. Nilikuwa nimekubaliana na Bwana Kondwani nimkabidhi nguo pale pale, kwa kuwa vijana wa kampuni walitakiwa kuzivaa mkutanoni wapendeze. Alizikagua mshono kwa mshono, akaridhika, akanipa malipo yangu yote. Nawaambia haki yake. Kisha nikaenda upande wa pili wa ukumbi kumsaidia pasta kutundika banderoli.

Yaliyofuata sikuyapanga. Vijana wa kampuni waliingia wamevaa salopeti zangu, wakaona ukutani kitambaa cha rangi yao, kimeandikwa *Nyanja ndi yathu*, ziwa ni letu, wakafurahi. Wakajipanga chini yake. Meneja wao, mzungu mmoja mwenye uso mwekundu, akasimama katikati, wakapigwa picha, dole gumba juu. Ofisa wa serikali aliyekuwa mwenyekiti alipofungua kikao aliishukuru kampuni kwa kujali ziwa kiasi cha kuleta bango zuri namna hiyo.

Pasta Byamungu alisimama. "Hiyo banderoli ni ya kanisa!"

"Tunashukuru kanisa pia kwa kuunga mkono," akasema mwenyekiti, na watu wakapiga makofi.

Pasta alikaa. Aligeuka akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyekwenda Madisi.

Baadaye yakaja mazungumzo yenyewe, na hapo kicheko kilipungua. Mtaalamu wa kampuni, Mmalawi kijana mwenye upole, alisema nchi inanunua mafuta yote toka nje, foleni kwenye vituo tunazijua, hospitali zinakosa umeme. Alisema misitu inakwisha kwa makala, na gesi ndiyo inaweza kuiokoa. Hakuwa mtu mbaya. Nilikubaliana naye karibu yote, hasa nikikumbuka ule moto wa buluu.

Kisha akasimama mama mmoja aliyetoka kando ya ziwa, Amayi Tadala, mkausha samaki, mwenye chitenje, kitenge cha kule, kilichochakaa na sauti ya kuita watu ng'ambo. Alisema maji ya ziwa lile hayatoki haraka, kinachoingia kinakaa. Alisema mafuta hata hayajapatikana, lakini barabara ya kupitisha mashini za kupima imeshakatwa katikati ya msitu wa serikali, na sasa wachoma makala wa mjini wanapita humo humo na malori. "Mnasema gesi itaokoa msitu na makala," akamwambia yule kijana. "Barabara yenu imewafungulia mlango wenye makala. Sasa nani anamwokoa nani?"

Kijana alisema ni hoja nzuri na kwamba itaangaliwa. Mwenyekiti akasema ni wakati wa chakula.

Chakula kilikuwa chambo, yule samaki mtamu wa ziwani, mzima mzima kwenye sahani. Waliotaka kuchimba walikula, waliokataa walikula, na kwa muda mfupi ukumbi ulikuwa na amani kamili, unasikia tu miiba inatolewa mdomoni. Meneja mwekundu aliomba wa pili. Pasta aliomba wa tatu.

Bwana Kondwani alikuja kukaa karibu nami. Alikuwa amesikia kwamba kanisa limeandikisha jina langu kati ya wasemaji wa mchana, kama mtu aliyekulia kando ya ziwa lingine. Sikujua. Pasta alikuwa ameniandikisha bila kuniuliza.

"Mama," akaniambia taratibu, "nguo zako ni safi. Kazi kubwa inakuja. Wakubwa wangu hawapendi kuona mtu wanayempa kazi anawasema hadharani. Mimi sikutishi. Nakwambia kama rafiki."

"Nimesikia, bwana."

Na kweli nilisikia. Mashini ya pili niliiona mbele yangu, na msichana ningemfundisha kazi, na mlango wa bati ambao Baba Riziki ameahidi kuubadilisha tangu Riziki akiwa tumboni. Nilimwendea pasta nikamwambia aniondoe.

"Haiwezekani, Mama. Nimeshawaambia banangoja."

"We njo uliniandikisha, we njo uende useme."

"Mi nimetoka Bukavu mjini. Mi sijawahi kuona mafuta mu ziwa. We umeona."

Ni kweli, niliona. Hapo ndipo aliponishika.

Waliponiita mchana ule nilisimama. Nilisema kwa Kichewa changu cha sokoni, nikikosa neno pasta analitafuta. Nilianza kwa kusema kwamba mimi ni mkimbizi. "Mnasema ardhi ya umma, ziwa la umma. Mimi sijui kama niko ndani ya umma huo. Lakini kambi yetu iko juu ya ardhi ya umma, na miti yake tumeipika. Kwa hiyo sikuja hapa kuwafundisha usafi. Yeyote anayesema gesi ni kitu kibaya, aje kwanza apulize kuni mbichi na mimi wakati wa mvua."

Upande wa kampuni wakapiga makofi. Bwana Kondwani alitabasamu. Ningekaa hapo, leo ningekuwa na mashini ya pili.

"Lakini," nikasema, "nimezaliwa kando ya Tanganyika. Boti ya mfanyabiashara mmoja ilipigwa na mawimbi karibu na kijiji chetu, na pipa la mazutu, yaani dizeli, likapasuka ufukweni. Hatukuwa na kisima cha mafuta wala kampuni. Lilikuwa pipa moja. Tulikosa maji ya kuchota. Ndagala, wale dagaa wetu, walinuka mazutu mpaka kwenye ulimi, hakuna aliyewanunua. Tumbo la mtoto wangu wa kwanza lilifunguka, na halikufunga mpaka tulipomzika. Sijui kama ni mazutu ile au ni kitu kingine, hakukuwa na daktari wa kutuambia. Mwenye boti alipata boti nyingine. Sisi hatukupata ziwa lingine."

Sikuwa nimepanga kumtaja mtoto. Sikumtaja kwa miaka, hata Baba Riziki na mimi hatumtaji. Nilitoka kidogo kwenye njia, nikarudi.

"Nina maswali mawili tu. La kwanza, gesi hii ikipatikana, itafika Dzaleka? Itafika hata Area 36?"

Yule mtaalamu kijana alimtazama meneja, kisha akanijibu, na namheshimu kwa hilo. "Si mwanzoni, mama. Nyingi itauzwa nje. Baadaye, labda."

"Asante. La pili, kwa nini tunaongea habari ya ziwa ndani ya hoteli ya Lilongwe? Anayekaa kando yake ni Amayi Tadala peke yake hapa. Wengine kutoka ziwani mliowaleta ni wale tuliowala mchana."

Watu walicheka, pande zote mbili, na mwenyekiti mwenyewe alicheka kabla hajakumbuka cheo chake. Akaandika kitu. Nilipokaa, Amayi Tadala alivuka ukumbi mzima akaja kunishika mkono, akaniomba namba ya simu. Hakuuachia mpaka kikao kikafungwa.

Nje, Bwana Kondwani alikuwa anangoja gari. "Ulisema vizuri," akaniambia bila kunitazama. "Watatafuta fundi mwingine. Siyo mimi, mama."

"Najua si wewe."

Tulirudi Dzaleka kesho yake na basi la kawaida, maana pasta alisema hataki tena kuona kabeji. Alikuwa na banderoli imekunjwa magotini. Karibu njia yote alikuwa kimya, jambo ambalo kanisa zima halitaliamini. Tulipoanza kuona vilima vyetu vya upara, akasema, "Mama Riziki, mi sikujua habari ya mtoto. Ningejua, singekuandikisha."

"Najua, Pasta."

"Ile kazi yako imepotea juu yangu."

"Imepotea juu ya mdomo wangu. We ulifungua mlango tu, kama barabara yao."

Jioni hiyo nilimsimulia Baba Riziki yote, na kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mipaka, tulilitaja jina la mtoto wetu, Amani, mimi nikipuliza kuni, yeye akishika taa. Macho yote yalikuwa na machozi na tukasingizia moshi.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Nilikwenda nikidhani nitakuta watu wabaya upande mmoja na wazuri upande mwingine, kama kwenye mahubiri. Nilikuta watu wenye njaa, kila mmoja na sababu yake, na wote wanapenda chambo. Bado nataka gesi. Bado naogopa pipa. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kubeba vitu hivyo viwili kichwani, shingo inauma lakini haivunjiki. Ila anayekwambia kuna faida na kuna hasara, muulize faida inalala nyumba gani na hasara inalala nyumba gani. Mara nyingi hazilali nyumba moja.

Majuzi Amayi Tadala alinipigia simu. Uamuzi wa kuchimba bado haujatolewa, lakini ile barabara ya msituni imefungwa kwa mnyororo mpaka utakapotoka, na kikao kimerudiwa kijijini kwake. Wakubwa walifika na magari, wakakosa viti, wakakaa mchangani na suti zao, na akina mama wakawauliza maswali mpaka jua likageuka. Katikati ya kikao mwenyekiti alisimama, akamnong'oneza Amayi Tadala kwamba anatafuta choo.

"Mukamupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Tulimwonyesha msitu wa serikali," akasema. "Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi akatangaza mbele ya wote kwamba kwa kweli msitu huu una umuhimu wake."